Dirisha la Uhamisho Hufungwa Saa Sita

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa tisa huu, na kuchoka kwangu hakukuanza jana. Mwanangu wa kike anaishi kwa mama yangu, safari ya siku nzima kutoka hapa. Yuko darasa la pili na sijawahi kumpeleka shule hata mara moja. Maombi ya uhamisho wa kikazi, ambao ungenipeleka karibu naye, hupokelewa wiki moja tu kwa mwaka, kwenye mtandao, tena kwa kompyuta za ofisini peke yake. Wiki nzima bosi alinibana na ripoti yake, kwa hiyo ikanibakia Ijumaa, siku ya mwisho, mpaka saa sita mchana.

Saa tatu asubuhi nikafungua ukurasa wa uhamisho. Kivinjari kikaniandikia kwamba muunganisho si salama. Nikajaribu tena. Ng'o.

Nikamwita mwenzangu wa mapokezi, tunayegawana naye chai na umbea. Akasema zima, uwashe. Nikazima, nikawasha, nikangoja dakika kumi mashine ile kongwe ijikokote. Yale yale. Basi futa kumbukumbu zote za kivinjari, akasema, binamu yake alifanya hivyo kikapona. Nikafuta. Ukurasa haukufunguka, ila nywila yangu, ambayo kivinjari ndicho kilichokuwa kikinikumbukia, ikaenda na maji. Nilitamani kumrushia kibodi. Kompyuta nyingine ilikuwa chumbani kwa bosi, naye alikuwa mkutanoni na wakaguzi, ufunguo mfukoni.

Tukampigia Mhandisi. Si mhandisi wa chochote. Anauza vioo vya simu, tulisoma naye sekondari, na jina la utani likamganda. Akanielekeza nizime kinga ya virusi, nichomoe waya wa mtandao niuchomeke upya, nipakue kivinjari kingine. Hata ukurasa wa kupakulia ukakataa. Wanasema penye wengi pana mengi, na mengi yote yalinishukia mimi. Kufikia saa tano na nusu tulikuwa bado pale pale.

"Acha kila kitu," Mhandisi akasema. "Nisomee yote yaliyoandikwa kwenye skrini, hata yale madogo ya pembeni."

Nikasoma mpaka chini, kwenye saa. Tarehe thelathini na moja Machi.

"Na leo ni ngapi?"

Leo ilikuwa kumi na moja Julai. Akanieleza kwamba kila ukurasa una cheti chenye tarehe, na kompyuta iliyobaki Machi ikiletewa cheti cha Julai hukiona cha kughushi. Hakuhitaji kuniambia ni nani aliyeichezea tarehe. Ripoti ya bosi ya robo ya kwanza ilichelewa miezi mitatu, na kila ripoti ikichelewa yeye hunitaka niirudishe kompyuta nyuma, ili wakaguzi wakifungua jalada waone iliandikwa kwa wakati. Kwa kawaida mimi huirekebisha kabla ya kuondoka. Jana alinisimamia begani mpaka jioni, nikazima tu nikaenda zangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikarekebisha tarehe. Ukurasa ukafunguka papo hapo, saa sita kasoro dakika nane, ukataka nywila. Nikaomba mpya, nikaambiwa namba ya siri itatumwa kwenye simu. Mimi na mwenzangu tukaikodolea macho ile simu. Namba iliingia saa sita na dakika tatu. Nikaiandika hivyo hivyo. Muda wa maombi umekwisha, karibu tena mwakani.

Mwenzangu akaanza kulia, ati yeye ndiye aliyeniambia nifute. Nikamwambia anyamaze, hana kosa. Kwa sehemu kubwa nilimaanisha.

Bosi alirudi saa nane akicheka: wakaguzi wameisifu masjala kwa kumbukumbu nzuri. Akataka tuanze ripoti ya robo ya pili, nirudishe tarehe iwe Juni. Nikamwambia sirudishi. Akaniangalia, akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jioni nikampigia mama. Hakunilaumu. Alisema tu mtoto ameshasogeza nguo zake kabatini ili zangu zipate nafasi, kwa hiyo nimwambie mwenyewe. Nikamwambia mwanangu kwamba haikuwezekana, labda mwakani.

"Mwakani ni lini?"

Nikamhesabia miezi, mmoja mmoja. Nilipofika wa sita akasema Bibi anamwita. Sikusikia mtu akimwita.