Tarehe Aliyoulizwa Agnetha

Agnetha wa Kishanda alitandika nyasi kanisani kwao miaka thelathini na mmoja. Kila Jumamosi alizikata bondeni, akazibeba kichwani, akazitandaza sakafuni kama watu wanavyofanya nyumbani wakingoja wageni wa heshima. Vigae vilipowekwa akahamia kwenye ufagio. Hakuna aliyemtuma. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, utamuuliza kama ni Mkristo?

Waliuliza. Wazee wapya wa kanisa, karibu wote walokole, walipitisha kwamba msimamizi wa ubatizo lazima awe ameokoka, na aitaje siku yenyewe. Na Agnetha alikuwa anataka kumsimamia mjukuu wake Nancy, binti wa mwanawe Rwegasira anayeishi Bukoba mjini. Wajukuu sita wa kwanza walibatizwa mbali, yeye akaletewa picha. Huyu ndiye wa mwisho, na alitaka ampakate mwenyewe mbele ya maji.

"Mama Rwegasira, uliokoka lini?" mzee Kahangwa, kiongozi wao, alimuuliza kwa upole. Si mtu mbaya Kahangwa. Siku yake yeye anaijua mpaka saa.

Agnetha aliomba muda wa kukumbuka. Alibatizwa akiwa mchanga, akaimba kwaya, akazika mume, akasali huku akipalilia kibanja chake cha migomba. Siku ya kuanza hakuwahi kuiona. Hata umri wa wanawe anauhesabu kwa misimu ya kahawa.

"Ma, wape tarehe yoyote, yaishe," Rwegasira akamwambia kwenye simu.

Basi akawapa: tarehe kumi na nne Novemba, mwaka juzi, kwenye mkutano wa injili pale Muleba. Kahangwa akaandika kwenye daftari lake, wazee wakampa mkono. Uongo alishausema maishani, nani hajausema? Lakini huu aliusemea ndani ya nyumba anayoifagia, na uliuma.

Jumapili ya ubatizo, msimamizi husimama kwanza atoe ushuhuda. Agnetha akasimama. Nancy alikuwa mikononi mwa mama yake, ndani ya kitambaa cheupe, ananyonya kidole.

"Bwana asifiwe," akasema, wakaitika. "Ile siku ya Muleba nilikwenda kununua jembe. Mvua ikanishika, nikajibanza chini ya turubai la mkutano. Ilipokatika nikaenda zangu. Mahubiri sikuyasikia, turubai lilikuwa na kelele. Niliwadanganya wazee kwa sababu namtaka mtoto huyu. Mungu anisamehe, na ninyi mnisamehe. Mkininyima, haya."

Rwegasira aliinamisha kichwa kwa aibu. Agnetha alijua amempoteza mtoto, akaanza kutafuta mahali pa kukaa.

Kumbe hakuwafikiria walokole vizuri. Kwao, mtu anayesimama akatubu dhambi yake mbele za watu bila kusukumwa, huyo ndiye wanayemtafuta siku zote. Mama mmoja wa nyuma akaanzisha ule wimbo wao wa kumpokea aliyeokoka. Wakaitika, wakatoka kwenye mabenchi, wakamkumbatia mmoja mmoja. Kahangwa alikuwa analia. Akafungua daftari, akaikata ile tarehe ya Novemba kwa mstari.

"Ndiyo leo, Mama Rwegasira," akasema. "Leo umeokoka. Niandike?"

Agnetha alifuta macho kwa pindo la kitenge. Alifurahi, tusimsingizie. Lakini uongo mmoja kwa mwezi ulimtosha.

"Usiandike, mwanangu," akasema. "Uongo ule niliusema nikiwa Mkristo, na leo nimeutubu nikiwa Mkristo. Zaidi ya hapo sijui. Nipeni mtoto."

Kahangwa aliifunika kalamu yake. Kisha akafunga daftari, akaenda mwenyewe kumchukua Nancy kwa mama yake.