Nilimpaka mama kitunguu saumu kwenye vinundu vya mkono, karibu nimpoteze

Habari za humu wakuu. Hili limetokea nyumbani kwetu. Sipunguzi wala siongezi, hata pale panaponiaibisha.

Mama yangu ana vinundu vinne mkono wa kulia, kimoja kikubwa kuliko vingine. Laini, ukivibonyeza vinateleza chini ya ngozi, haviumi. Anavyo tangu mimi niko shule ya msingi. Yeye analima mahindi na ulezi huko kijijini Mollo, mimi nauza spea za baiskeli Sumbawanga mjini.

Mwaka jana jirani yangu alifariki kwa saratani. Ilianza na uvimbe tu shingoni. Tangu ule msiba, nikimwona mama naona mkono tu.

Nikamwambia twende hospitali. Akagoma. "Watanikata."

Ndiyo nikaingia mtandaoni. Jamaa kaandika: twanga kitunguu saumu, changanya na mafuta ya nyonyo, paka, funga kitambaa, siku kumi vimeyeyuka.

Nilimpaka mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, ikiwasha usitoe. Ujue inafanya kazi."

Nikarudi mjini. Kila nikipiga simu, anasema anaendelea vizuri.

Siku ya sita nikaenda. Kwetu huku ni baridi, kwa hiyo sweta halikunishtua. Kilichonishtua ni kumkuta anasonga ugali kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo mama. Mkono vipi?"

"Marahaba baba. Unawasha tu."

Nikamwomba avue sweta.

Wakuu, kitambaa kilikuwa kimegandana na ngozi. Malengelenge yamepasuka, usaha, nyama nyekundu kama amemwagikiwa maji ya moto. Kile kinundu kikubwa nikaona kimevimba mara mbili. Nikajua nimekiamsha, sasa kinasambaa.

"Mbona hukusema?"

"Si ulisema ikiwasha ndiyo inafanya kazi?"

Nikaepua sufuria ya ugali, nikaenda kuita bodaboda.

Safari hii hakugoma, tukapanda mpaka hospitali. Daktari akasafisha kidonda, akauliza nani kampaka. Nikasema mimi. Akasema vinundu vinaonekana ni mafuta ya mwili tu, kilichomuunguza ni kitunguu, na tungechelewa sumu ya kidonda ingeingia kwenye damu. Lakini kwenye kile kikubwa akachukua kinyama kidogo kikapimwe.

Siku za kusubiri majibu sikula. Mama, mkono umefungwa bandeji, ndiye alikuwa ananibembeleza mimi.

Majibu yakaja: mafuta. Si saratani.

Daktari akamuuliza kama anataka vitolewe. Akasema, "Hivi vimenisumbua nini? Aliyenisumbua ni huyu." Akacheka. Mimi nikatoka nje, nikalia.

Nilichojifunza: uvimbe upimwe kwanza, na dawa inayounguza ngozi inaunguza tu, haiyeyushi kitu.

Aliyepitia haya aandike hapo chini, hata kunilaumu ruksa. Na kama kuna mzazi wako anapaka kitu sasa hivi, usiishie kumpigia simu. Atakwambia yuko sawa. Nenda ukaone.