Filimbi Ambayo Éphraïm Hakuisikia

Mukitaka mutu anayesema ukweli tupu, muende kwa padiri. Mimi ni koko, muzee mwenye wajukuu, ninauza makala hapa mutaa wa Mapendo, ukuta kwa ukuta na garaji ya Éphraïm, na ninatia chumvi mahali chakula kinaiomba. Lakini mambo ya masikio ya Éphraïm, toka ile siku ya bombe, sijatia hata punje.

Zamani ndiyo mutanikatalia. Alipoteremuka kutoka Masisi, huyu mwanaume alikuwa anasikia sisimizi akikohoa Rutshuru. Siku moja alikuwa ananawa uso kule Keshero, akasikia gari inalia vibaya Bukavu, ngambo ya ziwa. Akatuma mutu wa boti amuambie mwenye gari akaze bulo moja, ile skrubu ya karbirateri. Mwenye gari akamurudishia jogoo kwa shukrani. Jogoo akafika anatapika kwa sababu ya mawimbi. Nilimukula mimi mwenyewe, alikuwa na ladha ya mazutu, mafuta ya boti.

Kisha vita viliingia muji. Bombe ilianguka nyuma ya nyumba ya Éphraïm, ikamuua jirani yake Chance pale pale alipokuwa anaanika nguo. Éphraïm alitoka ndani ya vumbi, damu inashuka kwenye shingo pande mbili, akatuuliza, "Mbona munasema polepole?" Sisi tulikuwa tunalia kwa sauti yote tuliyonayo.

Masikio hayakurudi. Na fundi wa magari ya zamani bila masikio atafanya nini? Gari za sasa zinajisema zenyewe kwenye mashini. Zile za zamani, za karbirateri, lazima uzisikilize. Garaji ndiyo ilikuwa chungu chao, yeye na muke wake Léocadie, hawakuwa na kingine. Watu wakijua hayakurudi, chungu kimepinduka. Basi wakaficha. Éphraïm alijifunza kusoma midomo. Gari ikija, Léocadie alisimama mbele yake na sahani ya kuchambua muchele. Moteri ikipiga filimbi, alijishika mapua. Isipopiga, aliendelea na muchele. Muteja akisema nyuma ya mugongo, Léocadie alikohoa juu ya shingo ya mume wake mpaka ageuke. Watu walifikiri mama yule ana kifua. Mimi tu, kutoka kwenye makala yangu, nilijua alama zao, na wao hawakujua kama ninajua.

Hivi walivyoishi, mpaka Papa Nsanzimana alipokuja na Corolla yake nzee, ile anayopandishia watu Sake.

Siku hiyo Léocadie alikuwa amekwenda Kanyaruchinya, kwa matanga ya dada yake.

"Fundi, gari imechoka," Nsanzimana akasema. "Kwenye mulima watu wanashuka wanaisukuma. Ikisimama inawaka, ile ralanti inatetemeka kama mugonjwa wa malaria. Na freni, nikikanyaga, ngumu kama jiwe."

Éphraïm alimutazama mudomo, akafungua kifuniko. Alikuwa na kisaa kimoja kidogo cha kupimia, chenye mupira, unakiunganisha chini ya karbirateri na kinakuonyesha kama moteri inavuta hewa kwa nguvu. Akawasha. Mushale ukapanda kidogo, ukasimama chini, umetulia kabisa, hautikisiki.

Hapo mimi, kwa kukaa kando ya garaji miaka yote, ninajua: mushale ukirukaruka, ni valvu. Ukisimama chini na kutulia, ni moja kati ya mbili. Ao moto wa buji, ile inayowasha mafuta, unachelewa, wenyewe wanaita avansi. Ao kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Na namna ya kuzitenga ni sikio tu, kwa sababu wizi wa hewa unapiga filimbi.

Na ilipiga! Fiii, kama birika ya chai. Hata mama wa sambaza, muuza samaki ndogo za ziwa upande ule wa barabara, aligeuka.

Éphraïm akatazama mahali Léocadie anasimamaga. Hakuna mutu. Akanitazama mimi. Nikajishika mapua kwa vidole viwili, nikayavuta. Akacheka, akanionyesha ngumi. Alifikiri ninamutania, kama ninavyomutania kila siku kwamba ananuka. Nikayashika tena, nikatikisa kichwa, machozi yananitoka. Akazidi kucheka.

Basi akachagua avansi: akalegeza delko, ile inayogawia buji moto, akaizungusha kidogo. Mushale ukapanda nusu ya kidole. Akafurahi, akainama kukaza.

"Fundi," Nsanzimana akasema, "na ile filimbi?"

Éphraïm akazungusha ufunguo wake tu.

"Papa Éphraïm! Ninakuuliza, filimbi?"

"Umuache amalize," nikasema. "Mutu akiwa kazini hapendi makelele."

"Koko, na wewe nyamaza. Huyu ananizarau?"

Nsanzimana akatazama ule mugongo ulioinama. Nikaona akili inamuingia usoni. Akachukua kifuniko cha chuma cha bidoni, akakitupa kwa nguvu juu ya mawe nyuma ya Éphraïm. Kuku waliruka. Mama wa sambaza alilala chini, kwa sababu sisi wote bado tuko na bombe ndani ya mwili. Éphraïm alifuta bulo kwa kitambaa, akaendelea kukaza.

Alipogeuka alikuta tunamutazama. Akaona kifuniko chini.

Hakufunga vyombo, hakukimbia. Alichukua turnevisi ndefu, ile ya kufungulia skrubu, akauma mupini wake kwa meno, ncha akaisimamisha juu ya moteri. Mukono mumoja ulidondosha esansi, yale mafuta ya gari, tone kwa tone, kuzunguka chini ya karbirateri. Upande wa kwanza, hakuna kitu. Nyuma, karibu na ukuta wa chuma unaotenga moteri na viti, tone lilipoanguka moteri ilivuta ile esansi na ikabadilisha mwendo, na sisi tukaona taya la Éphraïm linabadilisha mwendo pamoja nayo. Mifupa ilikuwa inamuambia kile masikio yalikataa.

Akazima, akafungua karbirateri. Ile karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma ili hewa isipite haikuwa karatasi ya kazi. Ilikuwa kartoni ya biskuti za kambi ya wakimbizi, herufi za buluu bado zinasomeka. Ilikuwa imekunywa esansi mpaka ikawa uji.

"Nani aliikata hii?" Éphraïm akauliza.

"Mimi," Nsanzimana akasema. "Maduka yalikuwa yamefungwa. Ungefanya nini?"

Kila mutu alikata ile kartoni wakati ule wa vita, wengine kwa soli ya kiatu, wengine kwa kuziba dirisha. Éphraïm alikata mupya, karatasi yenyewe, akakaza, akarudisha delko mahali pake. Mushale ukapanda juu na kukaa. Nsanzimana akakanyaga freni, ikashuka laini, kwa sababu freni pia inavutwa na hewa ile ile. Hata mimi nilipiga makofi.

"Umetengeneza vizuri," Nsanzimana akasema, na safari hii alisimama mbele ili mudomo uonekane. "Sikatai. Lakini mimi ninabeba watu. Wewe unapojaribu gari barabarani, mutoto akilia chini ya gurudumu, utamusikia kwa meno?"

Éphraïm alisoma yote. Akaokota kile kifuniko, akakirudisha kwenye bidoni.

Nsanzimana si mutu mubaya. Alisema tu alichokiona, kwa mashofa wenzake wa Sake, na mashofa wakasema kwa wenzao. Léocadie aliporudi na kilemba cha matanga alikuta garaji imefagiwa, hakuna gari.

"Nilikuwa mbali siku moja tu, koko," akaniambia.

"Nilijishika mapua, mama. Nilijishika mpaka yakavimba."

"Ninajua. Ameniambia. Anasema ulikuwa unacheza."

Nikarudi kwa makala yangu.

Sasa Éphraïm anatengeneza chukudu, zile za mbao za kubebea makala na viazi. Hazina moteri, hazimuombi asikilize. Léocadie ndiye anapokea wateja. Lakini hata musumari una sauti yake ukifika mwisho, na yeye haisikii, anaendelea kupiga. Mbao inapasuka. Anaitazama, anaitupa upande wangu juu ya rundo, anachukua ingine. Zile zilizopasuka ninazipikia. Zinawaka vizuri, ni mbao nzuri.