Bastola ya Mahari

"Baba, hii bastola iko wapi sasa?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, tulipokuwa bado tunaishi Louisville, kwenye ile nyumba ya ghorofa ambayo dirisha la jiko lilitazama maegesho ya magari. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, kidole kikiwa kwenye picha ukutani. Kwenye picha hiyo Baba ni kijana mwembamba mwenye sare ya kijani ya walinzi wa mbuga, kule Kahuzi. Nyuma yake kuna ukungu na majani, na kiunoni, ndani ya mfuko wa ngozi, kinaonekana kishikio cha mbao cha bastola. Mama aliivusha picha ile mipaka yote ikiwa ndani ya Biblia. Bastola haikuwa ndani ya Biblia, wala kwenye masanduku, wala chini ya kitanda. Nilikuwa nimeshaangalia.

Baba aliitazama picha, kisha akatazama sahani yake.

"Leta kwanza chumvi," akasema.

Nikaleta chumvi. Nilimuuliza tena siku ya Pasaka, akanituma maji. Nikamuuliza tulipokuwa tunahama, akaniambia nishike mlango. Kila mara kulikuwa na kitu cha kuleta au cha kushika, mpaka nikaacha kuuliza kwa mdomo, nikabaki nauliza kwa macho tu.

Baba yangu anaitwa Nshombo. Ni Mkongo, Mushi wa karibu na Ziwa Kivu, na kabla ya vita kazi yake ilikuwa kutembea msituni kuwalinda gorila na watu wenye mitego. Sasa tunaishi Westerville, kaskazini mwa Columbus, na kazi yake ni kuendesha forklifti kwenye ghala la viatu. Lakini msitu haujamtoka. Theluji ikianguka, Jumamosi asubuhi anasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, anasoma nyayo kama sisi tunavyosoma simu.

"Sungura alipita hapa, alikuwa na haraka. Huyu ni mutu wa posta. Na huyu," anacheka peke yake, "ni jirani yetu. Jana alirudi miguu yake ikigombana."

Silaha aliishika tena kule Louisville. Kiwandani kwao kulikuwa na mzee wa Kentucky, Randall, ambaye siku moja ya mapumziko alimchukua kwenda kwenye uwanja wa shabaha. Waliporudi, Randall ndiye aliyekuwa amebeba karatasi ya shabaha ya Baba, anamwonyesha kila aliyekutana naye kwenye ngazi. Matundu yote yalikuwa yamekaa pamoja, ungeweza kuyafunika kwa kifuniko cha soda. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, ingawa Kiingereza cha Baba kilikuwa kidogo na Randall naye aliongea kama mtu anayetafuna.

Baba hakununua silaha yake mwenyewe. Alikodi ya pale uwanjani, akapiga, akairudisha, akaja nyumbani akinukia baruti na akiwa mpole kuliko siku zote. Ni siku hizo alipotusimulia habari za msituni. Alitusimulia chai iliyochemshwa kwenye kopo la maziwa. Alitusimulia majani yaliyolowa ambayo yalimwagia mtu maji shingoni kabla jua halijatoka, na mwenzake mmoja aliyekoroma mpaka gorila dume akamjibu kutoka mlimani. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, akamsahihisha majina ya watu. Mimi nilizaliwa kambini Tanzania, msitu huo sijawahi kuuona, lakini nikisikia harufu ya baruti naukumbuka.

Halafu akaja Irakoze.

Irakoze ni Mrundi, alikulia kambini, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sote. Dada yangu mkubwa, yaya Nzigire, alimpata kwenye kwaya. Ni mtu mrefu, mpole, anapanga mizigo kwenye ghala lingine, na anaogopa mbwa, hata kile kijibwa cha jirani ambacho kinavaa sweta. Alipokuja na mjomba wake, mzee Liberati, kuuliza mahari, mambo yalikwenda vizuri. Kwetu kuna vitenge vya mama, kuna pesa zinazokaa mahali pa ng'ombe, na kuna suti ya baba. Baba alikubali vyote mpaka walipofika kwenye suti.

"Suti niko nayo," akasema. "Mimi ataniletea pistole. Ile ya kuzunguka, ya masasi sita."

Mama akaweka sinia chini.

"Baba Nzigire, uko mugonjwa?"

"Niko muzima. Na asiniulize ya namna gani. Mimi napiga tangu yeye hajazaliwa. Achague yeye mwenyewe. Akileta ya kuchezea, donc hajui kuangalia watu, na harusi itangoja mpaka ajifunze."

Mzee Liberati alikohoa. "Mzee mwenzangu, sisi bunduki tunaijua kwa kuikimbia."

"Hata mimi niliikimbia," Baba akajibu. "Lakini mahari ya huyu mutoto, mimi ndiye najua."

Ukumbi wa harusi ulikuwa umeshapatikana, kwa mwezi wa sita. Yaya Nzigire alikwenda jikoni akafungua bomba la maji, akasimama tu pale akiyaangalia yakitiririka. Alimjua Baba. Akisema itangoja, itangoja.

Dukani tulienda watatu, Irakoze, yaya na mimi. Irakoze alisimama mbele ya kabati la kioo akiwa ameficha mikono mifukoni, kama mtu aliyeingia duka la glasi. Kisha akaonyesha moja ndogo, nyeupe, inameta kama kijiko cha wageni.

"Hii itampendeza mzee."

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Aliifungua kwanza ile bastola, akaangalia, ndipo akamwekea kiganjani. Irakoze alishangaa ilivyo nyepesi. Yule mama akamwambia kwamba nyepesi ni ya kubebwa siku nzima, lakini ukiipiga inakurukia mkononi, hakuna anayeipiga kwa raha. Akamuuliza huyo baba mkwe anataka kubeba au kulenga karatasi tu. Mkono wake mkubwa au mdogo? Vidole vyake vizima?

Irakoze akamwangalia yaya. Yaya akaniangalia mimi. Mimi nilijua namba ya kiatu cha Baba, basi.

Tulitoka mikono mitupu. Ndani ya gari Irakoze hakuwasha injini.

"Mwaka mzima nakula naye," akasema, "na sijui mkono wake."

"Si unauona akimega ugali?" yaya akasema.

"Nilikuwa naangalia ugali."

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema. Hakuuliza ni bastola gani, maana alikatazwa. Aliomba tu kumsindikiza Baba kwenye uwanja wa shabaha wa huku, ambako bado alikwenda kukodi na kupiga. Baba akamwangalia kutoka viatu mpaka kichwani, akasema twende. Mimi nilijipakia kiti cha nyuma kabla ya mtu kusema hapana.

Sijawahi kumwona mtu akiangalia kama Irakoze alivyoangalia siku ile. Kila mlio alishtuka, mabega yakimpanda hadi kwenye vile vifuniko vya masikio, lakini macho hayakutoka kwenye mikono ya Baba. Baba alikodi mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya kisasa. Kabla ya kitu chochote alikifungua kile kigurudumu kinachobeba risasi, akaangalia, akapitisha kidole kidogo kwenye kila tundu, ingawa mhudumu alikuwa amefanya hivyo hivyo sasa hivi mbele yetu. Akapiga mara moja. Akaiweka mezani, akasugua kiungo cha dole gumba, akajifanya anarekebisha miwani. Hakuigusa tena.

Ya pili ilikuwa ya chuma kizito, ya zamani, kishikio cha mbao kimeng'arishwa na mikono ya watu. Alipoinyanyua, mabega yake yalishuka. Alilenga macho yote mawili yakiwa wazi. Nilimwona yule kijana wa kwenye picha, kabisa. Alipiga zote polepole, akafungua, akamwaga maganda, akamkabidhi Irakoze ikiwa wazi, mdomo ukiangalia chini, kishikio mbele.

"Ukimupa mutu, unamupa hivi," akasema. "Akiipokea bila kuangalia matundu, haijui."

Irakoze hakupiga. Aliishika tu, akausikia uzito wake, akairudisha vilevile.

Siku tatu baadaye tukarudi kwa yule mama mwenye miwani. Safari hii Irakoze alijua la kusema: ya chuma, nzito, kishikio cha mbao, ya kulenga karatasi, kwa mkono mkubwa ambao dole gumba lake linauma. Yule mama alikwenda nyuma akarudi na moja ambayo haikumeta hata kidogo. Rangi yake ya samawati iliyokolea ilikuwa imelika mdomoni, pale ilipoingia na kutoka kwenye mfuko miaka na miaka.

"Ni mtumba," yaya akanong'ona. "Irakoze, ni mahari."

"Najua."

"Tantine Esperance atakuja kutoka Buffalo."

"Najua," akasema. Akaomba afundishwe kuifungua na kuikabidhi. Alirudia pale kaunta mpaka watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuguna.

Tantine Esperance ni dada yake Baba, anaishi East Side kule Buffalo, na hakuna mahari ya ukoo wetu ambayo hajaikagua. Alifika na viatu vya theluji ingawa kwetu theluji ilikuwa imeyeyuka. Sebule ilijaa. Upande wa Irakoze walikaa karibu na dirisha, sisi karibu na jiko. Vitenge vilikunjuliwa vikasifiwa. Soda zikahesabiwa kwa macho. Kisha mzee Liberati akaleta sanduku la mbao, na Tantine akalifungua kabla ya mtu yeyote.

"Bon," akasema. Akainama karibu. "Hii imekwaruzika. Mumetuletea mutumba? Kwani mutoto wetu naye ni mutumba?"

Wengine walicheka, wakaacha katikati. Mzee Liberati alifuta paji la uso. Naye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Yaya alikuwa chumbani, mahali pa bibi harusi, na mimi nilikuwa mlangoni nikimwambia kinachotokea. Alinishika mkono akaubana.

Kwetu bwana harusi haongei siku ya mahari. Wanamwongelea. Irakoze akasimama.

"Tantine, naomba nafasi," akasema.

"Oh, iko na mudomo," Tantine akasema, lakini akasogea.

Aliitoa sandukuni mdomo ukiangalia sakafu. Akakifungua kigurudumu, akaonyesha matundu matupu, akapiga hatua hadi mbele ya Baba, akapiga goti, akamkabidhi, kishikio mbele. Bastola ilitulia mkononi mwake, labda kwa uzito.

Baba hakuipokea mara moja. Aliangalia mkono wa Irakoze kwanza. Kisha akaichukua, akapitisha kidole kidogo kwenye kila tundu, moja moja, huku Tantine akihema kwa kukosa subira. Akaipima uzito. Dole gumba lake likapita pale rangi ilipolika. Akakifunga kigurudumu taratibu kwa kiganja cha kushoto, bila kukirusha, na sote tukasikia kile kimlio kidogo.

"Iko mutu alifanya nayo kazi, hii," akasema. "Na aliitunza."

"Kwa hiyo tunapokea mutumba?" Tantine akauliza.

"Dada, kaa, chai yako inapoa." Akageuza kichwa kuelekea chumbani. "Nzigire. Njoo."

Yaya alitoka amejitanda kitenge. Baba alimuuliza linaloulizwa kila binti wa kwetu, kama anawajua hawa watu, kama tule vitu vyao au tuwarudishie.

"Tuvile, Baba," yaya akasema. Vigelegele vikaanzia kwa Tantine, maana Tantine akishindwa anakuwa wa kwanza kushangilia.

Jioni, jua lilipokuwa bado kwenye madirisha, wageni walikuwa uani wakila nyama. Nilimkuta Baba jikoni peke yake, anafuta bastola kwa kitambaa cha zamani, kigurudumu kikiwa wazi. Picha yetu sasa iko juu ya friji. Sikupanda kiti, siku hizi naifikia. Nikaweka kidole palepale.

"Baba, na hii?"

Nilikuwa tayari kutumwa chumvi. Kibati cha chumvi kilikuwa karibu yake, akakisogeza pembeni.

"Wakati tunakimbia, yaya yako alikuwa mudogo, iko na homa, hata kulia aliacha. Tukapata lori la makaa. Dereva akasema nyuma kumejaa, lakini mbele iko nafasi ya mama na mutoto, kama niko na kitu ya kumupa. Nilikuwa na vitu mbili tu mu mikono, Nzigire na pistole. Masasi niliyatupa mu maji kwanza, nikamupa iko wazi, vile tulifundishwa. Hakuangalia hata. Akaiweka chini ya kiti, akamufungulia mama yako mulango."