Hitma ya Sarani

Mimi shule niliikimbia darasa la pili, na leo nina minazi Pangani yote. Kwangu halipiti jambo bila mimi kujua. Ndiyo maana nilikasirika nilipomsikia mke wa mwanangu, Mwanaidi, akimwambia mke wangu huku analia: "Maskini Sarani kafa, kamkumbatia mwanawe!"

Msiba nyumbani mwangu, nami sikuambiwa? Kuuliza ningejishusha. Nikautangaza mwenyewe msikitini, nikachinja mbuzi, nikaita watu hitma. Wanawake walipika wakidhani nawarehemu wazee wangu.

Baraza lilipojaa, mwalimu wa madrasa, niliyekua naye, akauliza: "Mzee Bakari, marehemu Sarani ni binti nani?"

Sikujua. Nikaita kwa sauti ya mwenye nyumba: "Mwanaidi! Sarani binti nani?"

Akatokea na mwiko mkononi. "Sarani yupi, baba? Yule wa kwenye riwaya ninayosoma?"

"Mtu wa wapi huyo?" akauliza mwalimu.

"Wa kundi la nyota la mbali huko, mwalimu. Wana mikono minne, ila kwa akili wanatushinda."

Mwalimu akafunga msahafu taratibu, akanitazama.

"Kumshinda mzee Bakari," akasema, "hilo nasadiki."