Shimo Uani kwa Mama Elsie

Mnunuzi wa kwanza wa nyumba ya Mama Elsie aliondoka na kiatu kimoja, damu ikimchuruzika sikioni. Alikuwa mwalimu wa Maungu, anaitwa Geoffrey, mtu mpole aliyekuja na mkewe kuangalia vyumba. Hata jikoni hawakufika. Morris, kitinda mimba wa Mama Elsie, mwanaume mzima mwenye ndevu za mvi, alitokea nyuma ya choo na mpini wa jembe akampiga mwalimu kichwani kabla hajamaliza kusema hodi. Mke akapiga nduru. Morris akamfukuza mwalimu hadi barabarani akimcharaza mgongoni kama mtu anayepura maharagwe.

"Aje mwingine!" akapiga kelele katikati ya barabara. "Hii ni boma ya babangu! Anayetaka kununua aje na jeneza lake!"

Mtaa wetu wa Sofia, hapa Voi, ulikuwa umeshamzoea. Watu walichungulia, wakaita watoto wao ndani, wakafunga milango.

Aliyebaki pale langoni akiokota kile kiatu ni Wakio, dada yake Morris. Wakio ni fundi wa cherehani. Ukiona mtoto wa shule hapa Voi amevaa sare ambayo haijafumuka mabegani hadi mwisho wa mwaka, jua Wakio ndiye aliyeishona. Aliolewa, akafiwa, akarudi kwa mamake bila mtoto na cherehani yake moja, na hiyo cherehani ndiyo ikawalisha wote wawili. Babake alikuwa mtu wa reli, alijenga nyumba hiyo tofali kwa tofali, akazikwa juu milimani, Chawia, kwenye shamba la ukoo. Mzee alipokufa, Mama Elsie alienda kwa wakili akaandikisha hati kwa majina mawili, lake na la Wakio. Wakili akawaeleza wazi kwamba mmoja akifa, anayebaki ndiye mwenye nyumba. Morris hakuandikwa. Wakati huo alikuwa Mombasa akiishi kwa mwanamke, hata matanga ya babake alifika yameisha, akauliza nyama iko wapi.

Yule mwanamke alipomchoka, Morris akarudi nyumbani. Alianza kwa kuvunja sahani. Akaja kwenye viti, akaja kwa Wakio, akaishia kwa mamake. Siku aliyomng'oa mamake meno mawili ya mbele kwa kofi, eti mboga ina chumvi nyingi, polisi walimchukua. Na unajua nani alienda kumtoa? Mama Elsie mwenyewe, mdomo umefura, na chupa ya chai kwapani.

"Ni mtoto wangu," akamwambia Wakio.

"Na mimi ni nani wako, Mama? Ni fundi wako?"

Mama Elsie akasema, "Basi tuuze. Turudi Chawia. Huku nitauawa na mtoto niliyemnyonyesha, na nitakuwa namwombea huku ananiua."

Chawia Morris hakanyagi. Huko kuna Reuben, kaka ya babake, na watoto wa Reuben ni vijana wa kubeba mawe. Zamani walimfunga Morris kwa kamba kwa kumtukana mzee, akalala kwenye zizi la mbuzi. Kwa hiyo kuuza nyumba hakukuwa mambo ya tamaa. Kulikuwa ndiyo njia ya wanawake wawili kuendelea kuishi.

Lakini kila aliyekuja kuangalia alipata lake. Mmoja alirushiwa mawe akiwa bado kwenye pikipiki. Mwingine, mama wa heshima kutoka Mwatate, Morris alimmwagia maji ya chooni. Wageni wakipungua anageukia nyumba yenyewe: akavunja madirisha, akang'oa lango akaliuza kwa vyuma chakavu, akatoboa ukuta wa chumba cha Wakio kwa nyundo. Wakio anaziba, yeye anatoboa. Kisha mtu fulani kule baa akamfundisha ujanja, akaenda ofisi ya ardhi akaweka pingamizi, akaapa kwamba anadhulumiwa urithi. Kuliondoa hilo pingamizi Wakio alipanda na kushuka ngazi za ofisi mpaka walinzi wakamzoea. Leo mkubwa hayuko. Kesho faili haionekani. Kesho kutwa Morris ameitwa na hakuja, rudi mwezi ujao. Na kila akirudi nyumbani kutoka ofisini anakuta kichapo kinamsubiri mlangoni, kwa sababu ameenda ofisini.

Ndipo akaja Sadiki. Sadiki ni mfanyabiashara wa Taveta, anapeleka vitunguu na ndizi Mombasa, na alitaka uwanja karibu na barabara kuu ajenge stoo. Hakuja na mke. Alikuja na wapakiaji wake wawili, watu wa kubeba magunia mabegani bila kukunja uso. Morris akawatokea na panga. Mpakiaji mmoja alimshika mkono akaukunja hadi panga likaanguka, mwingine akampiga ngumi moja ya pua. Morris akakaa chini bila kukaribishwa.

"Samahani sana, dada," Sadiki akamwambia Wakio, kama aliyemwaga chai ya mwenyeji. "Nyumba nimeipenda. Hilo pingamizi lenu nitalingoja. Mtu aliye hai mimi simwogopi, lakini kaburi sinunui. Kama kuna maiti uwanja huu niambie leo."

"Hakuna. Sisi tunazikwa Chawia."

"Basi tumeelewana."

Morris alikuwa pale chini akipangusa damu kwa shati. Alisikia kila neno, na kuanzia siku hiyo akaacha kuvunja madirisha. Wakio alidhani ni ile ngumi imemtia adabu.

Pingamizi lilipokaribia kuondolewa Mama Elsie akaanguka kwenye ngazi za mlango wa jikoni. Morris alisema ameteleza. Wakio alikuwa sokoni kununua nyuzi. Mama mwenyewe hakusema tena lolote. Alilala hospitalini akikoroma na jicho moja wazi, akafa bila kurudiwa na fahamu. Wakio alimwangalia Morris siku hiyo, akamwangalia, halafu akaenda kutafuta ubao wa jeneza.

Mpango ulikuwa mwili utoke mochari, upitie nyumbani waumini waombe kidogo, kisha upande Chawia akazikwe kando ya mumewe. Reuben na vijana wake waliteremka na lori kuuchukua. Lakini gari la maiti lilipoingia uani, tulikuta shimo. Morris na marafiki zake watatu walikuwa wamelichimba kuanzia alfajiri, Wakio akiwa mochari, kando ya tangi la maji, kaburi kamili lenye pembe nne, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Wamelewa mbangara, ile pombe ya kienyeji, wanatoa jasho.

"Mamangu anazikwa kwake!" Morris akasema. "Tuone sasa huyo Mtaveta wako atajenga stoo juu ya mamangu."

Mchungaji akaanza kusema tuketi tuzungumze. Mmoja wa wale walevi akamsukuma akaangukia viti. Hapo ndipo kila kitu kilipochafuka. Marafiki wa Morris wakashika jeneza upande wa kichwa, vijana wa Reuben wakashika upande wa miguu, na Mama Elsie, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupaza sauti, akawa anavutwa huku na huku kama gunia sokoni. Mpini mmoja wa jeneza ukang'oka. Akina mama wa kanisa wakapiga mayowe. Mimi nilimpiga mlevi mmoja na sufuria ya wali, ikiwa na wali.

Wakio hakushika jeneza. Alivua viatu, akakunja gauni lake jeusi, akaruka ndani ya shimo na kuketi chini.

"Njooni mzike sasa," akasema kutoka huko chini. "Mkimteremsha Mama mtamteremsha juu yangu."

"Toka humo!" Morris akanguruma.

"Sitoki."

"Wakio, nitakufukia!"

"Fukia. Si ndiyo kazi umetamani tangu utotoni?"

Akamfukia kweli. Alichukua sepeto akaanza kumwaga udongo kwa nguvu, kichwani, usoni, mdomoni. Wakio alikuwa anatema na kupangusa macho, haondoki. Udongo ulipofika kiunoni aliinuka kidogo akashika ukingo wa shimo kwa mkono wa kulia apate pumzi. Morris akaona ule mkono. Akageuza sepeto, akalishusha kwa makali yake kwenye vile vidole kama mtu anayekata mizizi.

Sauti aliyotoa Wakio sijui nikuelezeje. Hata walevi waliachilia jeneza.

Vijana wa Reuben walimrukia Morris. Hawakumpiga, walimponda. Mmoja alimkanyaga goti likalia kama ukuni mkavu, mwingine akachukua lile lile sepeto. Wangemwua pale pale, na hakuna mtu wa Sofia angewazuia. Aliyewazuia ni Wakio, amesimama ndani ya shimo, damu inamwagika hadi kiwikoni.

"Mpelekeni Mama!" akapiga kelele. "Mnapoteza muda na takataka, jua linapanda! Mpelekeni Mama kwanza!"

Wakamwacha Morris chini, wakapandisha jeneza kwenye lori, wakaondoka nalo. Mama Elsie akazikwa Chawia mchana huo. Wakio hakuwepo. Alikuwa hospitalini akishonwa, vidole viwili hana.

Morris alitoka hospitalini anachechemea, akapelekwa mahakamani, akafungwa. Ungedhani sasa nyumba itauzwa. Sadiki alikuja, akaingia uani, akasimama.

"Dada, hili ni nini?"

"Shimo."

"Hili si shimo. Hili ni kaburi. Nilikwambia."

"Halina mtu."

"Basi lifukie ndipo tuongee," akasema, akarudi kwenye gari lake.

Kufukia ikawa shida nyingine. Vijana wa vibarua wakiona zile pembe nne wanakumbuka kazi mahali pengine. Reuben akateremka kutoka Chawia na fimbo yake, akazunguka lile shimo, akatikisa kichwa.

"Kaburi likichimbwa lina njaa," akasema. "Halifukiwi tupu. Tuwaite wazee, kuwe na mbuzi, tuweke shina la mgomba. Na wazee wawili hawako, wameenda Kishushe. Tuwangoje."

"Tungoje tena?" Wakio akauliza.

"Ukilifukia tupu litatafuta mtu, mwanangu. Litaanza na wewe."

Wakio alishika jembe kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umefungwa bandeji kama mtoto mchanga.

"Baba mkubwa, mimi nimeshaingia humo. Niliketi, nikamwagiwa udongo hadi kiunoni, na nikaacha vidole. Mtu wake lilishampata, likamtema. Linataka nini tena?"

Wakio akaanza kuvuta udongo kwa mkono mmoja, akiusukuma kwa mguu. Watu walijaa kwenye ua kutazama, wanaume wazima wamekunja mikono. Nikachoka kuwatazama, nikaenda kuleta karai. Akina mama wengine wakafuata na masepeto. Mwishoni kabisa mzee Reuben aliegemeza fimbo yake kwenye tangi, akaokota donge la udongo, akalitupa ndani na kupangusa mikono, kama mtu ambaye hakufanya kitu.

Sadiki alirudi, akapiga-piga ardhi kwa kisigino.

"Niambie ukweli wa Mungu. Kuna mtu hapa chini?"

"Kuna vidole vyangu viwili," Wakio akasema. "Vikikusumbua nitachimba nikutolee."

Sadiki alimtazama usoni aone kama ni mzaha, asijue. Akatazama ule mkono. "Vidole havifanyi kaburi," akasema polepole. "Lete hati."

Hata hapo ofisi ya ardhi ilimrudisha. Sahihi yake mpya, ya mkono wa kushoto, haikufanana na ya zamani. Karani mmoja wa kike alimwambia arudi akiweza kuandika kama zamani. Wakio akaweka mkono wake wa kulia juu ya meza, akafungua bandeji taratibu mpaka mwisho, akauacha pale juu ya makaratasi. Karani akaenda kumwita mkubwa wake. Wakio akaapishwa kwa wakili kwamba sahihi ni yake, pingamizi likafutwa, wakapiga mhuri.

Alipakia cherehani, kitanda na picha ya babake kwenye lori la Sadiki, wapakiaji wale wale wakambebea. Kukata kitambaa anakata kwa kushoto, anaanza upya kama mwanafunzi, na anapokosea anatukana kwa Kidawida, lugha ya kwao. Sare zake sasa zinavaliwa na watoto wa Chawia.

Morris amebakiza kifungo kidogo. Juzi rafiki yake mmoja alipanda hadi Chawia na ujumbe, akasimama mbali kidogo na mlango kwa sababu vijana wa Reuben walikuwa wanachanja kuni.

"Morris anasema akitoka atarudi nyumbani kwao. Anasema nyumba ni yake."

Wakio hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mwambie arudi," akasema. "Mwenye nyumba yuko, anaitwa Sadiki. Na wale wapakiaji wake ndio wanaolala humo."