Ndege Katika Lundo la Meli

Nkambo wangu, yaani mama yake mama, hakuijua sura ya baba yake. Alikuwa angali wa kubebwa mgongoni wakati Wabelgiji walipoleta ndege za vita kupiga Wajerumani kule Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Baba yake alibeba madebe ya petroli ya ndege hizo. Baadaye akachukuliwa kubeba mizigo ya askari, akavuka ziwa pamoja nao, na hakurudi tena. Maisha yake yote Nkambo aliomba neno moja tu: "Hata mara moja, nimuone baba."

Miaka ile ya Zaire nilikuwa msichana wa sekondari, tunakaa Kalemie kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli. Papa, baba yangu, alikuwa fundi. Siku moja mkubwa wa biro yao, yaani ofisi, akaamuru vitu vya zamani vichomwe, eti ni uchafu wa ukoloni. Katikati ya uchafu huo Papa akaona sanduku la foto, akaliomba, akalileta nyumbani kwa baiskeli. Asante, Papa. Mwingine angesema si kazi yangu, akawasha kiberiti.

Zilikuwa foto za kila namna, na nyuma hazikuandikwa kitu. Papa akatandika mkeka barazani, akaanza kuzitenga: meli huku, treni huku, ndege kule. Nkambo alikuwa ndani, mlango umerudishwa nusu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja wala hawatazamani usoni. Papa na Nkambo waliishi nyumba moja miaka na miaka, na sidhani kama Papa angeweza kukueleza pua yake ilivyo. Maneno yao yote yalipita kwangu. Mimi ndiye nilikuwa posta.

"Ambia Nkambo, ndege ya mabomu njo hii," Papa akasema, yaani ndiyo hii.

Ilikuwa kubwa, ya chuma, na chini yake wanaume walikuwa wanabingirisha mapipa. Papa akanieleza kifundi: moteri mbili, unaona? Tumbo linafunguka hapa, bomu linatokea hapa. Na watu wa petroli si hao? Unataka nini tena?

Nikaipeleka ndani. Nkambo aliitazama sana, akafungua mdomo, akaufunga. "Kama mukwe amesema, njo hii," akasema. Akachagua mwanamume mmoja mrefu kati ya wale wa mapipa, akapiga magoti, akampigia makofi ya heshima, yale ya viganja vilivyokunjwa. Akalia. Na sisi tukalia. Mama akachinja kuku.

Foto ikatundikwa ukutani. Kila asubuhi Nkambo alimwamkia baba yake kabla hajanawa uso.

Basi akaja jirani yetu, mama mmoja wa kutoka kaskazini mwa ziwa, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, mdomo wake hauna breki. Akatua beseni, akainua macho.

"Yesu wangu! Nani ametundika hii shetani humu ndani?"

Tukamwambia ni ndege ya Wabelgiji ya kupiga Wajerumani, vita vya zamani, na yule mrefu ni baba yake Nkambo.

"Wajerumani gani? Hii mimi ninaijua! Wakati wa maasi si njo ilitukimbiza tukalala porini? Moteri mbili hivi hivi! Nililala kifudifudi katika mihogo, inapita juu yangu, mukojo ukanitoka. Nitaisahau hii?"

Maasi yale ya baada ya uhuru yalikuwa ya juzi tu, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshazaliwa. Baba yake Nkambo alikuwa amepotea zamani mno. Nkambo akaketi chini taratibu.

"Kumbe ninaamukia baba ya wenyewe," akasema.

Jirani alianza kucheka, halafu akaona uso wa Nkambo. Akaketi karibu naye, akamshika mkono, na ndagala zake hazikuuzwa siku ile. Kwa mdomo wake ule, hata leo ninamshukuru.

Mimi nilipandwa na hasira. Nikamuuliza Nkambo, mama yako alikuambia ndege ilikuwaje? Akajibu bila kusita: ililala majini, ilikuwa na bawa juu ya bawa, ya kitambaa, na chini yake mitumbwi miwili. Wanaume waliingia majini mpaka kiunoni kuisukuma.

"Nkambo! Ulijua! Kwa nini hukusema?"

Akanishangaa kweli. "Weye mutoto, nitabishana na mukwe wangu?"

Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini mkwe unamuuliza vipi?

Nikatoka kwenda barazani. Papa alikuwa ametoka kazini, anavua viatu. Nilipomwambia alibaki na kiatu kimoja mkononi. "Mitumbwi? Kitambaa?" Akainuka, na hakwenda kwenye lundo la ndege, alikwenda kwenye lundo la meli. Akachomoa foto moja. Aliiona tangu siku ya kwanza, akadhani ni mashua mbili zimefungwa pamoja na matanga yamelegea. Mtu aliyezaliwa bandarini, kitu chochote kilicho juu ya maji kwake ni chombo! Sasa sote tukaona mkia, tukaona bawa juu ya bawa na vijiti katikati. Maji yalikuwa yametulia, na pembeni matete. Hapo ni upande wa Mutoa, Papa akasema, penye ziwa dogo kando ya lile kubwa. Na wanaume walikuwa majini mpaka kiunoni, mabega chini ya bawa.

Nikanyoosha mkono kuipokea. Papa hakunipa. Alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni, akageuza mgongo, akaipitisha nyuma yake kwenye ule uwazi.

"Mama, unisamehe."

Mkono wa Nkambo ukaichukua. Namshukuru Mungu kwamba niliona hilo kwa macho yangu.

Lakini baba yake ni nani hapo? Nyuso zilikuwa ndogo kama punje za mahindi, na wengine wamegeuka. "Chagua mumoja tu, Mama," jirani akasema, "nani atakubishia?"

"Nimeshachagua mara moja," Nkambo akajibu, na hapo tukacheka mpaka Papa huko nje akacheka.

Kwetu ndugu wa baba ni baba, na aliyebeba mzigo pamoja na baba ni baba vilevile. Basi Nkambo akapiga magoti, akawapigia makofi wote, mmoja mmoja, hata yule ambaye tuliona kisogo tu.

Halafu akaenda kunawa uso, akafunga kitambaa kipya kichwani, akaniambia niishike foto dirishani penye mwanga, juu, kimo cha mtu aliyesimama. Akasimama mbele yake, amenyooka.

"Mimi siwezi kumujua," akasema. "Lakini yeye alinibeba. Muache aniangalie."

Nikaishika hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.